Raba na nguo za mbio kwa 80,000: naenda 21 za Moshi, naombeni ushauri

MwalimuTuangoma

Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tuangoma, na niko kwenye klabu ya jogingi ya hapa mtaani. Jumamosi alfajiri tunajikusanya, tunaanza na nyimbo, tunashuka mpaka Rangi Tatu, tunarudi tumelowa chapachapa. Wenzangu wamenitia mzuka nijiandikishe kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, kule Moshi mwezi wa pili. Hela ya usajili nimeshatoa, kwa hiyo naenda.

Shida ni miguu. Raba ninazokimbilia ni zile za kutokea, soli bapa ya mpira mgumu, zinapendeza na jinzi. Kilomita tano hazina neno. Tukizidi kumi kidole gumba cha kulia kinaanza kuwaka moto, na ukucha wake umeshakuwa mweusi. Mapaja nayo yanachubuka kwa ndani, hasa kipindi hiki cha joto. Juu navaa fulana ya klabu, ni pamba, chini suruali ya traki, na ushungi wangu. Nikifika nyumbani fulana naikamua.

Bajeti yangu yote ni 80,000, viatu na nguo humohumo. Nimezunguka Kariakoo nikaoneshwa raba ya 45,000, nikaambiwa ni "OG kabisa". Duka la tatu kutoka pale, nembo ileile, rangi ileile, 180,000, nayo "OG kabisa". Nikaondoka. Mguu wangu ni mpana mbele, kisigino chembamba. Navaa 40, kuna viatu navaa 41.

Ninunue mtumba au nijikaze na dukani? Na mtumba nitajuaje kama haujaishiwa? Nguo je, nianze na ipi? Naomba kuwasilisha.

PekuPeku

Mwalimu weka hela yako mfukoni. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 hana hata kandambili. Hizi raba ni biashara tu, watu wanauziwa sponji.

Muuza_Raba_Ilala

Mkuu PekuPeku, hadithi uimalizie. Bikila huyohuyo alienda Tokyo 1964 amevaa viatu na soksi, akashinda tena, na muda ukashuka kutoka 2:15:16 hadi 2:12:11. Na yeye alikulia peku, nyayo zake zilishakomaa. Mwalimu huyu ana miezi michache na lami ya Mbagala ina vipande vya chupa.

Dada mwalimu, karibu. Mimi nauza raba za mtumba pale Karume, kwa hiyo jua kabisa unayeongea naye ana maslahi. Lakini nitakwambia na yale ambayo sisi wauzaji huwa hatusemi, maana mteja akiumia mguu harudi.

Kwanza hiyo ya 45,000. Mpya, yenye nembo kubwa, kwa bei hiyo? Ni feki. Ya 180,000 inaweza kuwa feki ileile iliyobadilishiwa duka. Feki ukiitazama juu utatafuta kasoro uchoke, mshono umenyooka, kisanduku kipo, karatasi laini ipo. Wanachobania ni sponji ya katikati, na hiyo ndiyo uliyoifuata. Ukiwa na 80,000 na unataka kiatu cha mbio cha kweli, njoo mtumba. Ila uje na macho.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kazi. Raba ina soli ya mpira inayogusa lami, ina kitambaa cha juu, na katikati ina sponji. Watu wote wakija kwetu wanageuza kiatu, wanaangalia soli. Soli haijaisha, wanalipa. Kumbe kiatu cha mbio kinakufa katikati kabla hakijafa chini. Mwenyewe wa kwanza kakikimbilia huko kwao, sponji imelala, mpira wa chini bado una meno. Wanaojua mbio wanasema raba moja inakwenda kati ya kilomita 500 na 800 hivi, kutegemea uzito wa mtu na njia anayopita. Wewe hujui yule kabakiza ngapi. Kwa hiyo unaiuliza sponji yenyewe.

Chukua kiatu, tazama ubavuni, ile sehemu nene chini ya kisigino. Ukiona mikunjo midogomidogo ya kulala, mistari inayokwenda pamoja na soli, hiyo sponji imeshakandamizwa na hairudi. Bonyeza na kidole gumba kwa nguvu. Iliyo hai inaingia kidogo halafu inakusukuma. Iliyokufa ama ni ngumu, ama inaingia ikakaa hukohuko. Fanya kwa viatu vyote viwili, maana watu wengi wana mguu mmoja unaobeba zaidi. Halafu viweke juu ya kitu kilichonyooka, meza, au ubao wangu, si juu ya turubai. Chuchumaa uvitazame kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimeinamia ndani au nje, achana nacho hata kama ni cheupe pee. Mwenyewe aliyekiinamisha hivyo ameacha mwendo wake mle, na goti lako ndilo litakalolipa. Kulika kidogo kwenye kona ya nje ya kisigino ni kawaida, hapo usiogope.

Kikunje. Kiatu cha mbio kinapinda pale vidole vinapoanzia. Kikipinda katikati ya unyayo kama daftari, hakina msaada. Kisha toa ile soli ya ndani, inachomoka. Ukiona alama ya vidole imechimbika mpaka chini, ujue kimekimbiwa sana. Na tulivyo wajanja, wapo wanaobadilisha soli ya ndani wakaweka mpya, wakaweka na kamba mpya, wakapaka ubavu rangi nyeupe. Kikwaruze na ukucha pembeni. Rangi ikitoka, uliza inaficha nini. Nusa pia. Harufu kali ya gundi maana yake kimepita kwa fundi. Ukiona gundi imeng'aa kwenye maungio kama njia ya konokono, kilishafunguka mdomo, na lami ya saa nne itakifungua tena.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalijui kabisa. Kiatu kinaweza kuwa hakijavaliwa hata siku moja na kikawa kimekufa. Zipo soli za poliyurethani, hasa kwenye raba za zamani na viatu vya kupandia milima, ambazo hunyonya unyevu wa hewani taratibu, miaka ikipita zinakuwa kama jibini kavu. Unavaa, unatembea, soli inaachia vipande barabarani. Kampuni nyingi huchapa tarehe ya kutengenezwa kwenye kile kitambaa kidogo chini ya ulimi wa kiatu, herufi ndogo sana. Washa tochi ya simu usome. Kikiwa na miaka kumi, hata kikinukia dukani, mwachie wa kutokea disko.

Kwenye kitambaa hichohicho kuna namba. Sahau 40 na 41, kila kampuni ina 41 yake. Tafuta iliyoandikwa CM au JP, hiyo ni sentimita na haina ujanja. Pima mguu wako: karatasi chini, kisigino kigongane na ukuta, simama wima, mtu mwingine akuwekee alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Si lazima kiwe gumba. Pima yote miwili uchukue mkubwa, uongeze nusu sentimita mpaka moja.

Bei: pair nzuri utatajiwa 60,000. Usicheke, usikasirike. Kaa kwenye 35,000 mpaka 40,000.

MwalimuTuangoma

Kaka asante sana, hapa nimepata darasa. Nimepima sasa hivi, mwanangu ndiye ameshika kalamu. Kulia 25.4, kushoto 25, na kweli kidole cha pili ndicho kirefu. Raba yangu ya sasa nimeikagua kitambaani imeandikwa 25. Ina maana ukucha wangu ulikuwa unagonga muda wote huo?

Na nije saa ngapi? Wengine wanasema viatu vinunuliwe jioni mguu ukiwa umevimba.

Muuza_Raba_Ilala

Ulikuwa unagonga, tena mguu wa kulia, ndiyo maana ukucha wa kulia. Tafuta 26. Ukisimama nacho, kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu. Vidole vicheze, kisigino kisicheze.

Kuhusu saa, hapo kuna ugomvi. Mguu unavimba jioni, ni kweli, na ukikimbia kilomita 15 unavimba vilevile. Lakini mzigo mzuri unapatikana asubuhi belo likifunguliwa, saa kumi jioni unakuta mabaki tuliyoyapanga vizuri. Dawa yake, panda gari mpaka Buguruni, ushuke utembee. Ukifika Karume mguu umeshakuwa wa jioni.

BintiMakorora

Kaka wa Karume umetiririka kuhusu viatu tu, na dada kauliza nguo. Wanaume! Mwalimu, mimi ni wa Tanga, nafanyisha mazoezi kina mama, joto la huku unalijua.

Kitu cha kwanza kununua baada ya kiatu ni sidiria ya michezo, kabla ya fulana wala taiti. Na inunue mpya, maana lastiki iliyovaliwa imeshachoka, na hata hivyo nguo za ndani za mtumba TBS, wale wa Shirika la Viwango, wamezipiga marufuku. Wengi wanaikaza kwenye kamba za mabegani mpaka zinachora alama. Mzigo unabebwa na mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu. Vaa, ingiza vidole viwili chini ya mkanda: vipite, lakini kwa taabu. Nyanyua mikono yote juu. Mkanda ukipanda nawe, ni mkubwa. Halafu ruka mlemle kwenye chumba cha kujaribia, usione haya. Ukiruka na unahisi kuvutwa, irudishe. Kama wewe ni mwenye kifua kikubwa, zile za kuvutia kichwani kama singlendi hazitakutosha, tafuta yenye vikombe viwili vilivyotengana na kulabu nyuma.

Mapaja: tatizo ni hiyo traki. Kitambaa kinalowa, kinajikunja katikati, kinasugua. Vaa taiti inayofika chini ya goti au mpaka kifundoni, ibane ngozi, ili kitambaa kisuguane na kitambaa. Kabla hujalipa igeuze ndani nje uone mishono. Mshono uliosimama ndio utakaokukata kilomita ya 14. Wa bapa ndio mzuri. Ichuchumalie pia mbele ya mwanga, zipo zinazoonesha kila kitu ukiinama. Juu yake vaa fulana ndefu ya kitambaa cha jezi inayofika katikati ya paja, yenye mpasuo pembeni ili hatua isibanwe, umesitirika na unapumua.

Pamba iache kwa kulalia. Inanyonya jasho na inakaa nalo, na Dar unyevu ni mwingi, halikauki, unabeba maji. Jezi ya polista ya mtumba 5,000 inatosha kabisa, hata iwe ya timu usiyoishabikia. Mimi nakimbilia ya timu siitaji hapa, nyumbani kwetu wote ni Yanga.

Ushungi: shifoni inateleza na inakuhitaji pini, na pini kichwani ukikimbia ni balaa. Shona au nunua wa kuvaa moja kwa moja, kitambaa chembamba cha jezi kinachovutika, usio na tabaka mbili shingoni. Mikia yake iingize ndani ya fulana. Makampuni makubwa nayo yanatengeneza siku hizi, Nike walitoa wa kwao 2017, lakini fundi wako wa mtaani akipewa mita moja ya kitambaa anakutolea na chenji.

Soksi usivae za shule. Tafuta zenye nailoni au polista, zisizo na mshono mnene kwenye vidole, maana huo ndio unaoleta malengelenge. Mafuta ya mgando paka mapajani, kwapani na chini ya mkanda wa sidiria kabla ya kutoka, hata kama hujaumwa.

Hesabu yako: kiatu 40,000, sidiria 18,000, taiti 10,000, soksi 5,000, jezi 5,000. Inabaki 2,000 ya mafuta. Ushungi tumia kitambaa ulichonacho.

Jirani_wa_Eldoret

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Hongereni kwa Alphonce Simbu wenu kwanza, ile dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025 ilituuma lakini ilikuwa mbio safi.

Mwalimu, nimekimbia Moshi. Hiyo nusu inapanda kuelekea Mweka, inapanda kweli, halafu inageuka mnashuka mpaka mjini. Kupanda hakutagusa ukucha. Kushuka ndiko kutakakoumaliza, sababu mguu unateleza mbele kila hatua. Kisigino chako ni chembamba, kwa hivyo hata kiatu cha saizi sawa kitakuponyoka. Dawa iko kwenye kamba. Tazama raba, kuna tundu la juu kabisa karibu na kifundo ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule, usivuke, ibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa vusha kila kamba iingie kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwenda chini, kisha funga kawaida. Kisigino kinakaa, na mbele unaweza kulegeza kwa ajili ya huo upana. Jaribu ukishuka ngazi. Vidole vikigonga ngazini, Mweka vitalia. Kucha zikate wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia mbio.

Mtu akikuuzia raba nene ya kaboni, ile yenye bamba gumu la kaboni ndani ya sponji, akwambie ni ya kina Kelvin Kiptum, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, mwambie asante. Ni kweli Kiptum alikuwa na raba ya namna hiyo alipokimbia 2:00:35 Chicago 2023, na Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka kikomo cha milimita 40 za unene wa soli kwa mbio za barabarani. Lakini sponji yake haidumu, ikifika mtumba imeshamaliza kazi, na kwa mwendo wetu sisi wa kawaida inayumba tu kwenye kona. Hata huku Iten utaona mabingwa asubuhi wamevaa raba za kawaida zilizojaa udongo mwekundu.

Usiende na kiatu kipya siku ya mbio. Kinunue sasa, tembea nacho, kisha kilomita tano, kisha kumi.

PekuPeku

Haya nimekubali yaishe. Ila peku kwenye mchanga wa ufukwe wa Coco mara moja kwa wiki haina ubaya, msinikatalie na hilo.

BintiMakorora

Hilo hatukukatalii. Angalia tu vifuu na miiba ya samaki.

MwalimuTuangoma

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Swali la mwisho: nikishavinunua navifuaje? Raba zangu huwa naloweka na sabuni ya unga usiku kucha, halafu naanika juu ya bati zikauke haraka kabla ya Jumatatu.

Muuza_Raba_Ilala

Dada, bati la saa saba mchana linaua gundi na sponji kwa pamoja. Hapo unakausha kiatu na hela yako. Toa kamba na soli ya ndani, sugua kwa brashi laini na maji ya kawaida yenye sabuni kidogo, usiloweke. Jaza magazeti ndani, badilisha yakilowa, anika kivulini penye upepo, mdomo umetazama chini. Tuangoma mna upepo, kesho yake kimekauka. Na taiti na sidiria usizianike juani wala usizipige pasi, lastiki inakatika.

Ukija Jumamosi njoo na soksi utakazokimbilia, si hizo za kutokea, na hiyo raba yako ya zamani ilete nione ilivyoliwa, itaniambia unakanyaga vipi. Uliza wauza raba za mazoezi upande wa ndani, si wa barabarani. Na ukifika kwa yeyote, hata kwangu, usitaje Moshi. Ukisema unaenda Kilimanjaro Marathon bei inapanda mlima kabla yako.